Mheshimiwa Amelazwa

Kisumu hii, ukisema samaki wako ni mgonjwa, watu wanakuuliza kwa nini hujamtia kwenye friji.

Hebu niambieni, mtu wa Nyalenda, mwenye ziwa zima pale chini, nimefikaje kupiga magoti mbele ya tangi la vioo nikikagua madoa ya samaki wa dhahabu anayeenea kwenye mwiko? Anaitwa Mheshimiwa. Binti yangu ndiye aliyempa jina, kwa sababu kutwa anafungua mdomo na hatujawahi kusikia hoja.

Sasa Mheshimiwa ametokwa na madoa meupe, utadhani kanyunyiziwa chumvi, na anajisugua kwenye mawe. Habari ikaenea plotini. Ghafla kila mpangaji ni daktari. Mmoja kaleta vidonge vya tetracycline vilivyobaki alipougua jino. Bwana, hiki ni kidudu, si bakteria! Bakteria tulio nao ni wale wema wanaoishi kwenye sponji ya filta, wanaotusaidia kumaliza amonia ya kinyesi chake. Hao ndio unataka kuniulia? Halafu shemeji akaichukua sponji hiyo hiyo ili akaioshe kwa sabuni, eti inanuka. Nilimkimbilia nikapoteza ndara moja. Sponji inasuuzwa kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, basi.

Na kidudu chenyewe kina akili kutuzidi. Doa ukiliona, mwenyewe yumo ndani ya ngozi, dawa haimgusi. Akishashiba anadondoka chini, anajigawa, wanatoka watoto mamia wanaoogelea kumtafuta samaki. Hapo tu ndipo dawa inapowapata. Kwa hiyo madoa yakitoweka nyumba nzima inashangilia, mimi naendelea na dozi ya chumvi, maana ndiyo dawa yenyewe.

Tangini kuna mimea na konokono wa binti, na chumvi haiwapendi, kwa hiyo mgonjwa amelazwa kwenye ndoo ya bluu jikoni. Kule tangini watoto wa kidudu wakikosa samaki wanakufa njaa, na sina huruma. Ndoo ni lita 20, chumvi gramu 2 kwa kila lita, chumvi tupu isiyo na viungo. Nikaenda kuomba mizani dukani. Mwenye duka akaniuliza napima nini. Nikasema gramu 40. Akatazama nje kwanza, kisha akanisogezea mizani kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona tangu nianze kukopa pale.

Unaiyeyusha pembeni, unaimimina kidogo kidogo. Kesho yake unatoa theluthi ya maji na kurudisha mengine ya joto lile lile, ukiweka chumvi ya hayo mapya tu, maana chumvi haipandi hewani na mvuke. Ukirudia dozi nzima kila siku utakuwa unatengeneza ng'onda.

Lakini hayo maji sasa! Ya bomba yana klorini, lazima yakae wazi siku nzima ndipo yamfae. Bomba letu nalo hutoka likijisikia. Kwa hiyo nyumbani kuna karai limejaa maji ambayo hakuna ruhusa kuyagusa, na vyombo vimerundikana tangu jana. Mama watoto ameniuliza, kwa sauti ya chini ile ya hatari, kati yake na Mheshimiwa nani aliyelipiwa mahari.

Chakula ndicho kinaniuma zaidi. Kidogo, kinachoisha kwa dakika mbili tatu, kisioze majini. Na tumbo likijaa gesi anapewa minji iliyochemshwa na kumenywa ganda. Kumenywa! Mimi nilipolala na malaria niliwekewa ugali wa jana na omena, nikaambiwa nikisikia nafuu nipashe.

Joto la Kisumu angalau linatusaidia, kidudu kinamaliza mzunguko wake haraka. Ila maji ya moto hayashiki hewa vizuri, lazima pampu ipulize, na pampu inataka stima. Stima imeenda saa mbili usiku. Sasa hivi nachota maji kwa kikombe nayamwaga kutoka juu, nachota namwaga, ili Mheshimiwa apumue.

Bosi amepiga simu kuuliza kama kesho nafika kazini mapema. Nikamwambia siwezi kuahidi, nina mgonjwa amelazwa. Akasikitika sana, akaniuliza wodi gani.

Nimemwambia jikoni, ndoo ya bluu.