Siku Mbili Edinburgh, na Bagamoyo Tuliyowaachia Wageni

Kutoka Glasgow, ninakoishi na familia yangu, hadi Edinburgh ni kilomita 70 na ushei, umbali usiopishana sana na ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Edinburgh na Bagamoyo ni miji ya kale, na kila mmoja una ngome, makanisa na historia ya kutosha kujaza siku mbili za mapumziko. Hata hivyo, majirani zangu wa Glasgow huwapeleka watoto wao Edinburgh kuangalia mambo ya nchi yao, ilhali wengi niliokua nao Dar es Salaam wamefika Bagamoyo kwa harusi, msiba au semina ya kikazi, wakarudi bila kukanyaga kizingiti cha jengo lolote la kale. Siamini kwamba tofauti hiyo inatokana na fedha peke yake.

Anayepanga safari ya Edinburgh huanza na kalenda. Mwezi wa Agosti mji hufurika kwa sababu ya matamasha ya sanaa yaliyoanza mwaka 1947, na bei za vyumba hupanda kupita kiasi. Kila anayeniuliza humshauri achague Mei au mwanzoni mwa Septemba, wakati mchana ungali mrefu na upepo una huruma kidogo. Katika hesabu ya malazi aongeze pia tozo ya jiji ya asilimia 5, iliyopangwa kuanza tarehe 24 Julai 2026, ambayo hutozwa kwa usiku 5 wa kwanza. Treni kutoka Glasgow huchukua takriban dakika 50. Sisi wenye watoto hupendelea basi, kwa kuwa tangu mwaka 2022 kila mkazi wa Uskoti aliye chini ya umri wa miaka 22 husafiri bure kwa basi akiwa na kadi yake, na hivyo nauli hubaki ya baba na mama tu.

Tiketi ya kukata mapema mtandaoni ni ya ngome iliyo juu ya mwamba wa volkeno, kwa sababu majira ya kiangazi nafasi huisha. Kiingilio kinazidi pauni 20 kwa mtu mzima, na hakuna bei ya mwenyeji wala ya mgeni. Ndani yake limo kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, la karne ya 12, ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Mzinga hupigwa saa saba kamili mchana, desturi iliyoanza mwaka 1861 ili mabaharia walioko baharini warekebishe saa zao. Siku ya Jumapili haupigwi, na nimewaona watalii wakiwa wameshika simu zao juu, wakingoja kwa subira mlio usiokuja.

Baada ya ngome, gharama hupungua sana, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Makumbusho ya Taifa ya Uskoti katika barabara ya Chambers Street hayana kiingilio. Asiyelipa mlangoni hana haraka ya kufidia fedha yake. Mvua ikinyesha, mama huingia na watoto wake kwa nusu saa, wakamtazama Dolly, yule kondoo aliyezaliwa kwa kunakiliwa mwaka 1996, kisha wakaondoka kwenda kula. Mtoto aliyezoea kuingia hivyo hukua akijua kwamba mahali pale ni pake. Kwetu kiingilio cha mwananchi kwa kawaida ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini ukiwaondoa wanafunzi wanaoletwa na basi la shule, maelezo yote huandaliwa kana kwamba msikilizaji ametoka Ulaya.

Na kama kuna Mtanzania anayedhani kwamba Edinburgh haimhusu, atembee dakika chache kutoka kwenye makumbusho hayo hadi George Square, palipo na majengo ya chuo kikuu alichosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Kisha ateremke hadi bustani ya Princes Street, iliyo mahali palipokuwa na ziwa zamani, aione sanamu ya David Livingstone. Mwili wa mtu huyo ulibebwa na wasaidizi wake Waafrika, Susi, Chuma na wenzao, kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874, na mnara wa kanisa ulipohifadhiwa kabla ya kuvushwa Zanzibar ungali umesimama. Ni kazi ya miguu yetu, iliyofanyika katika ardhi yetu, lakini mtoto wa Glasgow ana nafasi kubwa zaidi ya kuisikia kuliko mtoto wa Kinondoni.

Sisemi kwamba wenzetu wamepatia kila kitu. Vichochoro vya Royal Mile, barabara kuu ya mji wa kale wa Edinburgh, vimejaa nyumba za kupangishwa wageni kwa siku chache, na wenyeji wanalalamika kwamba wanasukumwa nje, malalamiko ambayo mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar atayaelewa bila kufafanuliwa. Vilevile, safari ya hapa ni ya kimya mno kwa ladha yangu: unalala, unalipa, unaondoka, na hakuna aliyekuuliza watoto wako wanaitwa nani. Kwetu mtu mwenye shangazi Bagamoyo hawezi kulala gesti bila kesi ya familia, na ukishafika kwa shangazi, siku nzima ni ya kula na kusalimiana.

Kwa hiyo likizo ya Desemba nimeipanga kwa mtindo wa huku: alfajiri tutoke Dar es Salaam, tuanze na magofu ya Kaole kabla jua halijawa kali, kisha misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha Boma la Wajerumani. Shangazi yangu nimeshamwambia tutafika kwake saa nane mchana. Amejibu kwamba chai itakuwa tayari saa mbili asubuhi, na mazungumzo ya suala hilo yanaendelea.