Ushuru peke yake hautaleta kiwanda Kigoma

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema misamaha ya kodi ndiyo itakayoleta viwanda mikoani. Kwa sisi wa Kigoma, umeme ameusahau kabisa. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje hadi asilimia 25, ikiwa kinga kwa wakulima wa hapa nchini. Lakini nani angejenga kiwanda kikubwa cha kusafisha mawese wakati huo mji wa Kigoma ulikuwa bado unategemea jenereta za dizeli? Mawese yakaendelea kuondoka kwenye madumu, na ajira zikaondoka nayo. Miche ya tenera, aina ya mchikichi wenye mafuta mengi, kutoka TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, ni jambo jema mno, nawapongeza. Ila mchikichi huchukua miaka kuzaa. Viwango vya ushuru vikiyumba kila bajeti, mwekezaji gani atasubiri? Wabunge wetu wasimamie hilo.