Diski, kisu na thamani ya wiki nane

Mgonjwa anayetoka kupigwa picha ya MRI, bahasha kubwa kwapani, huwa na swali moja: nikipasuliwa, nitapona? Swali ni la haki, ila kwa diski ya kiunoni, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, inapotokeza na kubana mshipa wa fahamu, lina kasoro, kwani linachukulia kwamba asiyepasuliwa haponi.

Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa wameteswa kwa wiki 6 hadi 12 na sayatika kali, yaani maumivu yanayoshuka mguuni pale mshipa wa fahamu unapobanwa. Baadhi walipangiwa upasuaji wa mapema. Wengine waliendelea na tiba ya kawaida, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye hali ikiwashinda. Nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamepona kufikia wiki ya 4, ilhali kundi la pili lilifika hapo kwenye wiki ya 12. Mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona.

Wanaoogopa kisu huishika hiyo 95 kwa mikono miwili, na hawakosei. Lakini huiruka namba nyingine ya utafiti huohuo: asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walipasuliwa hatimaye, kwa wastani baada ya zaidi ya miezi minne. Subira yao, basi, ilisaidiwa na kisu kilekile.

Ninavyoona mimi, anachopata anayepasuliwa mapema ni wiki nane hivi za nafuu, na gharama yake, mbali na fedha, ni hatari za dawa ya usingizi, maambukizi, kuchanika kwa utando unaofunika mishipa ya fahamu, na diski kutoka tena. Karani anayeweza kufanya kazi amesimama huenda akaona wiki hizo hazistahili gharama hiyo. Kuli wa sokoni, ambaye nyumbani kwake hupikwa kilichopatikana siku hiyo, atazithamini mno. Tatizo ni kwamba yeye ndiye atakayerudi kwenye magunia kabla mgongo haujatulia.

Picha peke yake haiamui. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015, yaliyohusisha watu 3,110 wasio na maumivu, yalionyesha kuwa diski zilizovimba zipo kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kinachoonekana kwenye picha lazima kilingane na mguu unaouma.

Maumivu ya mgongo pekee, yasiyoshuka mguuni, ni habari nyingine. Kuunganisha pingili kwa skrubu kulionekana kusaidia katika utafiti wa Sweden wa mwaka 2001, lakini ule wa Uingereza wa mwaka 2005, uliokulinganisha na mazoezi makali ya tiba, uliona tofauti ndogo tu. Hapo naegemea mazoezi kwanza, maana pingili ikishaungana haiachanishwi.

Mizani hubadilika nguvu za mguu zinapopungua: unapanda ngazi kwa kuburuta wayo, au ndala inachomoka bila wewe kuhisi. Na ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, au ukifa ganzi kuzunguka sehemu za siri, hakuna cha kupima tena. Hiyo ni dharura, na hospitali ni siku hiyohiyo.