Nauli Yote Ile, Kwenda Kutazama Chumvi

Mtu akikwambia "twende ukaione India yenyewe", muulize kwanza: huko nyama ipo?

Shemeji yangu anasoma Ahmedabad. Nimemtembelea nikijua nitakaa chini ya feni, nile biriani, nirudi zangu Dar. Wapi! Kaniburuta siku tatu hadi Kutch, pembeni kabisa mwa Gujarat, kule karibu na mpaka wa Pakistani. Treni usiku kucha, kitanda cha juu, pua inagusa dari.

Asubuhi tuko Bhuj, naulizia supu. Mwenye hoteli kanitazama kama nimeulizia bei ya mama yake. Dengu. Mchana dengu. Nikasema sawa, jioni nitajipoza na moja baridi. Shemeji kacheka hadi kakaa chini: Gujarat pombe marufuku tangu jimbo linaanzishwa, 1960. Mimi nimezaliwa 1981. Yaani sijafika hata duniani, walishaninyima! Eti mgeni anaweza kuomba kibali. Kibali cha bia?

Kulala nako. Tumelipia msonge, wao wanauita bhunga. Misonge kwa bibi yangu Bukoba nimelala bure utoto mzima! Tena huu ukutani wamepachika vioo vidogo vidogo kwenye udongo. Saa nane usiku nawasha simu nitafute viatu, naona macho arobaini yananikodolea. Nimepiga kelele. Yote ni yangu. Na baridi ile ya Desemba, mimi nimebeba fulana tupu, kwani nani aliniambia India kuna baridi?

Lakini tusiwaonee: tetemeko la Januari 2001 liliangusha majengo ya zege, misonge mingi ikabaki imesimama. Mimi wa Bukoba, niliyeliona letu la 2016, hapo nilinyamaza.

Kesho yake ndiyo safari yenyewe, Rann. Kibali tena, maana ni mpakani. Kumbe tunaenda kuona nini? Chumvi! Mvua zinafurika, maji yanakauka, inabaki chumvi nyeupe hadi inapoishia mbingu. Watu kimya, wanapiga picha. Shemeji ananong'ona, "Umeona, shemeji?" Nimeona. Nikainama, nikalamba. Chumvi.

Siku ya mwisho Mandvi, wanakoundia majahazi ya mbao kando ya mto. Fundi mzee kaniuliza natoka wapi. Bukoba. "Zanzibar!" Hapana mzee, Bukoba. "Zanzibar!" Haya, Zanzibar. Kafurahi, kaagiza chai na dabeli, mkate wa viazi vyenye viungo, karanga na komamanga. Nimekula tano. Shemeji alikuwa anahesabu, mbea yule.

Ndipo mke wangu akapiga simu.

"Ukitoka uwanja wa ndege pitia dukani, chumvi imeisha."

Nikajipapasa mfukoni. Kibonge nilichookota Rann kilikuwepo, kimeshalowesha suruali.