Mgonjwa ni Baba Mkwe, Njaa ni Yangu

Jamani, wagonjwa wanaombewa. Msikitini wanaombewa, kanisani wanaombewa, redioni wanatumiwa salamu na nyimbo. Sijasikia hata mara moja mtu akisema, "Na tumkumbuke yule anayemuuguza, maana na yeye anakula kantini."

Baba mkwe kapasuliwa tumbo. Kidole tumbo kilichachamaa, kikapasukia ndani, ikabidi afunguliwe usiku uleule. Hospitali siitaji, maana bado tumo ndani na dripu ni zao. Kikao cha ukoo kikaamua mimi ndiye nikae naye, kwa sababu nimejiajiri. Kwa ukoo wa mke wangu, kujiajiri maana yake huna kazi.

Juu ya kitanda cha mzee wamebandika karatasi: ASILE CHOCHOTE. Nesi alitueleza vizuri tu. Tumbo likishafunguliwa, matumbo yanalala, na utumbo mpana ndio mvivu kuliko wote, unaweza kuchukua siku mbili tatu kuamka. Dalili kwamba umeamka ni upepo. Ndiyo, upepo huohuo unaoufikiria. Kwa hiyo kila asubuhi daktari anafika na msafara wa wanafunzi, anasimama miguuni pa kitanda, anauliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Mzee, umeshatoa upepo?" Na mimi mkwe nipo hapo hapo. Nafanyaje? Natazama feni. Ni mila ya kabila gani inayomruhusu mtu asimame asubuhi na mapema kusubiri upepo wa baba wa mkewe?

Mzee anajibu, "Bado, mwanangu." Tunapoa wote.

Sasa ile karatasi ndugu hawaisomi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika zinaingia hotpoti. Shemeji wa Tabata kaleta supu ya kuku wa kienyeji. Shangazi wa Temeke kaleta mtori, juu umeelea siagi. Mama mkwe ana uji wa lishe, na paja la kuku la akiba, "akiruhusiwa tu, lisije likakosekana." Zinapangwa juu ya kabati, zinafunguliwa kidogo mgonjwa asikie harufu apate nguvu. Harufu naisikia mimi. Saa ikiisha zinafungwa zinarudi zilikotoka, zimejaa vilevile. Niombe? Nimwambie mama mkwe, "Mama, samahani, lile paja"? Shemeji zangu wangeipeleka hiyo habari mpaka kwenye vikoba, na mahari ningedaiwa upya. Isitoshe utalaje kuku mbele ya mzee ambaye hajaonja hata maji? Basi nateremka kantini.

Ukutani kuna menyu kubwa, ina picha. Pilau, ndizi nyama, samaki wa nazi, biriani siku ya Ijumaa. Nikaanza.

"Dada, pilau?"
"Imeisha."
"Samaki?"
"Wameisha."

Ilikuwa saa sita kasoro. Nikamuuliza kwa upole huwa vinaisha saa ngapi, nami niwahi. Akanitazama. "Kaka, unachukua wali maharage au unapisha wenzio?"

Nikachukua. Lakini kwanza ulipe, na kulipa ni kwa lipa namba, na mtandao unasumbua. Tukasimama foleni nzima tumenyanyua simu juu tukitafuta mtandao.

Sasa njoo uone sahani. Wali wameushindilia kwenye bakuli wakaugeuza, umesimama juu ya sahani kama kaburi jipya. Ukiuchoma kijiko haumeguki, unahama wote kwa pamoja kwenda upande wa pili. Maharage niliyahesabu, maana nafasi ya kuyahesabu ilikuwepo: kumi na moja, na moja halikuwa limeiva kabisa, liligonga sahani likarudi. Mchicha una mchanga. Nikaongeza elfu moja na mia tano ya pisi ya nyama, nikapewa mfupa ambao zamani ulifahamiana na nyama. Pembeni kuna kile kipande cha tikiti cha kushushia. Nilikiinua, nikamwona keshia upande wa pili, na sura nikamtambua.

Na hili ndilo linaloniuma. Tungekuwa jangwani ningenyamaza. Lakini hii ni Dar! Mchele wa Mbeya unashushwa Tandale kwa malori. Samaki wako pale Feri, anatoka baharini bado anashangaa. Ndizi zina soko lake zima kule Mabibo, na likapewa jina Mahakama ya Ndizi, maana jiji hili mambo ya kula halifanyii mzaha. Mama wa kawaida tu na jiko lake la mkaa, hana menyu wala picha, anakupa wali wa nazi na maharage mazito, unatoka umelegea unatafuta pa kulala. Hawa wana gesi, wana jokofu, wana kofia nyeupe. Hayo maharage wanayatesa kwa kosa gani?

Tena ukutani, juu ya meza ninayokaa, kuna bango la afya. Linasema Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Nimelisoma huku namalizia chumvi ya wiki nzima kwenye mchicha.

Siku hiyohiyo nikamwona yule daktari wa upepo. Kakaa kona, kanunua maji ya chupa tu, halafu kafungua kontena lake la kutoka nyumbani. Daktari wa matumbo! Mtu anayeyajua matumbo kwa kuyashika! Nikasukuma sahani pembeni.

Kwenda kula nje ya geti haiwezekani. Nesi akiita, "Ndugu wa kitanda cha kumi na nne!" ukakosekana, Tabata wanajua kabla hujameza tonge. Na mlinzi haruhusu chakula cha nje, isipokuwa cha mgonjwa. Cha mgonjwa? Sawa. Nikaja na hotpoti yangu, nikaibandika plasta, nikaandika: KITANDA 14. Jioni nikapita kwa muuza pweza, nikajaza, nikajichanganya na waona wagonjwa.

Mlinzi akasema, "Fungua." Nikafungua. Akachungulia, akanusa, akachungulia tena.

"Mgonjwa anaumwa nini?"
"Kapasuliwa tumbo, afande."
"Ana umri gani?"
"Sabini na kitu."
"Na supu ya pweza anaipeleka wapi?"

Watu nyuma yangu wakaangua kicheko. Nikapita, lakini tangu siku hiyo kila nikiingia ananiuliza, "Mzee vipi, hajambo?" halafu anageukia ukutani anacheka peke yake.

Ijumaa alfajiri, upepo ukaja. Sisemi zaidi, ila wodi nzima ilishuhudia. "Hongera mzee!" vitanda vya kushoto, "Hongera!" vitanda vya kulia. Mama mkwe alipofika akapiga kigelegele mpaka nesi akatoka ofisini. Daktari akasema vizuri, akianza maji akayaweza, tunampa uji mwepesi, mwepesi sana. Maji akayaweza. Na hapo ndipo hotpoti zote zikakwama kwenye foleni ya Buguruni, shemeji kwenye simu anasema mataa hayaruhusu.

"Baba Nasra," mama mkwe akaniambia, "hebu kimbia hapo kantini ukamletee baba uji."

Nikaenda. Uji wenyewe, nilipoinua kikombe niliona kitako chake. Nikaupeleka huku naona aibu. Daktari akaukoroga, akauinua na kijiko ukatiririka wote, akasema, "Hivi hivi! Ndio ninaoutaka." Mzee akanywa taratibu, akashusha pumzi, akasema mtamu. Na mama mkwe naye akaonja, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu mpishi anajua kazi. Kumbe tunahangaika na mahotpoti ya nini?" Akanigeukia. "Na wewe baba, nasikia getini huko unapitapita na mapweza. Acha vyakula vya barabarani. Nimeshuka sasa hivi nimeongea na yule dada, nimekulipia wali maharage mchana na jioni mpaka mzee atakaporuhusiwa."

Nikainamisha kichwa. "Ahsante sana, mama."