Zimebaki gramu 4 za mafuta, nile nini sasa?

Jamani zamani nilikuwa nahesabu kalori peke yake na maisha yalikuwa matamu sana. Nina kalori 1,800 za siku, nazitumia nitakavyo, kuna siku 600 nzima zilienda kwenye keki na hakuna aliyeniuliza. Sasa siku hiyo niko jimu juu ya mizani natabasamu zangu, akapita jamaa mmoja mikono kama mapaja, akaniuliza, "Na makro zako je?" Basi, amani ikaishia hapo.

Makro yaani zile kalori 1,800 unazigawa mafungu matatu. Mimi nimepangiwa protini gramu 140, mafuta 60, wanga 175. Gramu ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Nikakaa na kalamu: 560, 540, 700, jumla 1,800 kamili bila chenji! Nikapiga meza kama mtu aliyefaulu mtihani. Karatasi ilikubali, sahani ndo imegoma mpaka leo.

Maana protini haitembei peke yake bwana, ni kama yule mgeni anayekuja na mashemeji. Yai unalihesabia gramu 6 za protini kumbe limebeba na 5 za mafuta. Karanga ndo usiseme, watu wanakwambia kula karanga zina protini, haya nikapima gramu 30, ambazo ni kiganja tu, protini haifiki 8, mafuta 15 hivi, kalori 170, yaani nimetafuna mafuta ya kupikia nikidhani najenga misuli. Ukimbilie kifua cha kuku bila ngozi? Protini ipo, 31 kwa gramu 100, ila ikifika Jumatano unatafuna huku unawaza ulimkosea nani. Ukisema ukilainishe kidogo, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120, na mke wangu hajui kijiko, anamimina kwa macho. Nilimuuliza siku moja, umeweka gramu ngapi? Aliniangalia mpaka nikaomba radhi.

(Halafu kuna wiki nzima nilipima wali ulioiva nikauandika kama mchele mbichi. Mbichi gramu 100 ni kalori 360 hivi, ukishaiva na kunywa maji ni 130. Nililala njaa siku saba kwa kutojua kusoma mstari mmoja.)

Sasa jana. Saa tatu usiku nafungua apu: zimebaki kalori 256. Protini 45, wanga 10, mafuta 4. Nne! Nimesimama mbele ya friji mlango wazi, jibini hapana, maziwa hapana, karanga tumeshagombana, mpaka friji ikaanza kulia. Ndo nikakumbuka ute wa yai, ule mweupe, mmoja una protini gramu 3.6 na mafuta karibu hakuna. Nikapiga hesabu: mayai 12. Zinakuja 43, mbili zilizobaki nitajidai mwenyewe kesho.

Niko yai la saba, mke wangu akatokea mlangoni.

"Mume wangu, tuna wageni?"

"Hapana, natafuta gramu."

Akatazama bakuli la pili, viini vimejipanga vya njano vinang'aa. "Na hivi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba viini 12 ni kalori kama 650 na kama robo tatu yake zinatoka kwenye mafuta, mimi hapo hata kiini kimoja kizima sina haki nacho. Hakubishana. Akachukua kikaango, akatia siagi, kitunguu, akavimwaga. Mimi nimekaa na sahani yangu nyeupe, imetulia kama godoro lililovuliwa shuka, nakata kipande, nameza, napiga funda la maji, nakata kingine. Harufu ya siagi inapita puani taratibu kama inanijua jina.

Apu ikawaka kijani, hongera umefikia malengo yako ya leo.

Nikaonja kijiko kimoja tu kwenye sahani ya mke wangu. Haya, vinne. Nikafungua apu nikaandika: maji, glasi 1.