Shemeji Yangu Mgombea

Wenzangu mna mashemeji wanaokopa hela wakapotea. Mimi wa kwangu anagombea udiwani. Kila uchaguzi! Chama kinabadilika, mgombea yuleyule, na wakala wake wa kulinda kura kituoni ni mimi.

Uwakala mnausikia tu. Unaapishwa kwanza, siku yenyewe kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi, kinafungwa saa 10 jioni, halafu ndo kuhesabu kunaanza. Wakala wa chama tawala analetewa msosi na maji ya baridi. Mimi naletewa salamu: "Shemeji kaza, posho iko njiani." Iko njiani tangu uchaguzi ule mwingine.

Safari iliyopita nilisaini fomu ya matokeo: kura nne. Nne! Na ukoo wake waliojiandikisha pale hawapungui kumi na tano, mama yake mzazi akiwemo. Usiku akaitisha kikao, kila mtu anaapa alimpa. Bi mkubwa akasema kura ni siri. Dada yangu akakimbilia jikoni kuangalia chungu, na siku hiyo hatukupika.

Ukimshauri apumzike, anakutajia mwanasiasa marehemu Augustino Mrema. "Urais 1995 alipata asilimia 27 na ushee. 2000 akashuka mpaka 7 na kitu. 2005 hata 1 haikufika, watu wakamfuta. 2010 huyo bungeni, mbunge wa Vunjo!" Yaani kwa hesabu zake, kura zikizidi kupungua ndo ushindi unakaribia. Nikamwambia, shemeji, Mrema alishakuwa Naibu Waziri Mkuu, wewe ulikuwa naibu katibu wa kamati ya harusi. Akajibu, "Si wote manaibu?"

Na sera hana. Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA aligombea urais akaahidi ubwabwa, mtu unajua kabisa unasogea na sahani. Huyu wangu anaahidi "mchakato shirikishi". Nani ataamka alfajiri kupanga foleni ya mchakato?

Sasa kahama chama tena, fulana za zamani anataka tuzipake rangi, picha yake ibaki. Dada kanipigia ananibembeleza nikubali uwakala. Eti nikikataa atapangiwa yeye, na yeye hawezi kukaa mle ndani wakati wa kuhesabu, ataona aibu.

Nikamuuliza, "Aibu ya nini, dada, si ulimpa kura?"

Simu ikakatika. Eti mtandao.